Swali Lilikuwa Maji Yametoka?

Jamani, swali lenyewe lilikuwa maneno mawili: maji yametoka? Limeulizwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, saa kumi na moja alfajiri, na dada mwenye ndoo tupu na watoto wa kuogesha. Sasa ni saa nne, simu zimepata moto, na kuhusu maji hakuna anayejua kitu.

Wa kwanza kujibu ni Bwana Ukweli Mchungu. Unamjua, kila kundi lina wake. Akashusha voisi noti ya dakika saba: watu wa siku hizi wanajua kuuliza tu, mchango wa taa za barabarani hawajalipa. Mama wa genge akahoji, "Unamsema nani?" Hapo ndipo alipopataka. Zikamwagwa skrini shoti za mwaka juzi. Mwalimu wa nyumba ya kona akaomba tuheshimiane, akajibiwa kwamba heshima hailipi bili. Yule dada akaandika, "Samahani, nilikuwa nauliza maji tu," akaitwa mchochezi. Katikati ya hayo fundi bomba, mtu pekee anayejua valvu ya mtaa iko wapi, aliandika: "Yatafunguliwa saa sita usiku." Ujumbe wake ukafunikwa na stika mbili za mbuzi anayecheka.

Na ukisema Bwana Ukweli Mchungu atajifunga mwenyewe kwa matusi yake, wapi! WhatsApp inampa dakika 15 za kuhariri alichoandika. Anakutukana, unawaka, dakika ya kumi na nne anabadilisha tusi kuwa "Mungu akubariki". Chini kunabaki alama kwamba ujumbe umehaririwa, lakini lile tusi hakuna wa kulifukua. Kichaa sasa ni wewe.

Kundi lina watu zaidi ya mia mbili, wanaosema ni watatu. Si mtaani tu. Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipima Twitter ya huko mwaka 2019: asilimia 10 ya watumiaji wazima ndio waliokuwa wakiandika asilimia 80 ya twiti zote. Facebook nao, kuanzia 2017, katika kupanga posti zipi watu waonyeshwe, emoji ya hasira ilihesabiwa sawa na laiki tano. Mpaka 2020 ndipo wakaishusha hadi sifuri. Sasa mtu aliyelipwa kwa kununa miaka yote hiyo utamfundisha tabasamu leo?

Ukizima mlio wa kundi, hata ukichagua daima, bado linapanda juu kila Ukweli Mchungu akipiga kelele. Lipeleke kwenye akaivu, huko halirudi lenyewe. Ukitaka kulefti kimyakimya, tangu 2022 wanaoarifiwa ni maadmini tu, ila orodha ya waliotoka inaonekana kwa siku 60, na yeye huipitia kama rejista ya shule. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote, anaweza hata kufunga kundi waandike maadmini peke yao. Lakini tukifunga, nani atauliza maji? Halafu admini ni shemeji yake.

Kusambaza uzushi, ndiyo, kuna breki: ujumbe uliokwisha kuzunguka sana unakwenda sehemu moja tu kwa mara moja. Yeye ananakili na kubandika. Mishale ya kuonyesha ujumbe umesambazwa inapotea, inaonekana kaandika mwenyewe.

Okoa bando basi. Ingia mipangilio, hifadhi na data, uondoe tiki kwenye picha, sauti na video. Vizuri. Ila voisi noti hazimo. Hizo hujipakua zenyewe, hazina swichi, dakika zote saba zinashuka na kikohozi chake ndani. Watu wazima na shahada zao walikaa mezani wakaamua hivyo!

Na hapo hatujafika kwenye kundi la kamati ya harusi, ambako mtu akitoa ahadi ya elfu hamsini anaulizwa mbele ya wakwe kama ile ya harusi iliyopita alishaimaliza. Anayeuliza ni nani? Ndiye mweka hazina.