Mtoto asipofika shule, pesa ya mama ikatwe?

Kila yanapozungumzwa malipo ya fedha kwa kaya maskini, ubishi hurudi palepale: mama apewe tu, au apewe kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na mtoto mchanga apelekwe kliniki? Wanaotaka masharti wana hoja nzito. Fedha ni za umma, na mtu anayekatwa kodi kwenye mshahara ana haki ya kuuliza zimefanya nini. Kuna pia mtoto mwenyewe. Mzazi anayemtoa binti darasani ili akalee wadogo zake anapiga hesabu ya leo, na atakayeilipa hesabu hiyo ni binti, miaka 20 baadaye. Hata mama anayetaka binti asome lakini mume hataki huokolewa na sharti. "Asipokwenda tutakatwa," na maneno yanaishia hapo.

Mexico iliujenga mpango wake wa Progresa juu ya fikra hiyo mwaka 1997. Fedha zilitiwa mkononi mwa mama, msichana wa sekondari akalipiwa zaidi ya mvulana, na uandikishaji wa sekondari ukapanda, hasa kwa wasichana. Nchi nyingi ziliiga.

Kinachosahaulika ni kwamba sharti nalo ni kazi, na kazi hiyo ina mtu wa kuifanya. Chukua siku ya kupima uzito. Mama ameondoka alfajiri, mtoto mgongoni, kadi ameiviringisha kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Foleni ni ndefu, mzani ni mmoja. Zamu yake ikifika, mtoto anawekwa kwenye mzani, uzito unaandikwa, dakika mbili zimetosha. Halafu inabaki ile sehemu isiyomhusu mtoto hata kidogo: kumsubiri mwenye muhuri arudi alikokwenda, maana kadi isipogongwa ni kama hakuja. Kibarua cha siku hiyo kimeshakwenda. Kwenye ripoti ya mpango hutaona mahali ambapo siku ya mama imeandikwa kama gharama. Imeandikwa kama mahudhurio. Huko Mexico akina mama walidaiwa pia kuhudhuria mikutano ya afya, na wachambuzi wa masuala ya jinsia wakauliza mapema inakuwaje mpango unaosifiwa kwa kumwinua mwanamke umwongezee zamu nyingine, huku baba akiwa hadaiwi kitu.

Wanaotetea masharti watasema hiyo ni bei ndogo kwa mtoto kusoma. Huenda. Ndiyo maana napenda kurudi kwenye utafiti wa Zomba, kusini mwa Malawi, wa mwaka 2008 na 2009, ambao pande zote mbili huutaja na kila upande huishia pale unapopendezwa. Wasichana wa miaka 13 hadi 22 ambao hawajaolewa walilipwa kila mwezi, na wazazi wao pia. Kundi moja lililipwa iwapo tu msichana amehudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kundi jingine lililipwa bila sharti. La tatu halikupata chochote.

Kwa upande wa shule, sharti lilishinda. Miongoni mwa waliokuwa shuleni tangu mwanzo, fedha zisizo na sharti zilipunguza kuacha masomo kwa asilimia 43 tu ya upungufu ulioletwa na fedha zenye sharti, na kwenye mtihani wa Kiingereza waliowekewa sharti walifanya vizuri zaidi. Wengi hufunga kitabu hapa.

Lakini geuza ukurasa. Mimba na ndoa za mapema zilikuwa chache zaidi, tena kwa tofauti kubwa, katika kundi lisilo na sharti. Tofauti hiyo yote ilitoka kwa wasichana walioacha shule. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado inanisumbua. Msichana wa kundi la kwanza akishindwa kuendelea na shule, malipo yake yanakoma mwezi uleule ambao hana darasa, hana pesa, na pengine kuna mwanamume anayemwahidi nyumba. Mwenzake wa kundi la pili ameacha shule vilevile, lakini fedha zinaendelea kuingia, na yule mwanamume anaweza kuambiwa asubiri. Kwa maneno mengine, sharti liliwasukuma wale walioweza kusukumwa, na likawaachia mkono wale ambao mpango ulidai umekuja kwa ajili yao.

Haki itendeke: watafiti walirudi zaidi ya miaka miwili baada ya malipo kukoma, na nafuu ile ya mimba na ndoa ilikuwa imeyeyuka. Wasichana waliokuwa wamekwisha kuacha shule kabla mpango haujaanza, wakarudishwa kwa malipo yenye sharti, ndio waliobaki na faida ya kudumu: elimu zaidi na uzazi mchache. Hilo ni pigo kwa upande ninaouelekea, na silipuuzi. Ila watafiti haohao waliona jambo jingine lisilotajwa sana: watoto waliozaliwa na wasichana wa kundi lisilo na sharti wakati malipo yakiendelea walikuwa warefu zaidi kwa umri wao. Fedha ambazo hazikumfikisha mama kidato cha mwisho zilionekana kwenye mifupa ya mtoto. Sijui ni safu ipi ya taarifa ya mahudhurio ingeliandika hilo.

Kuna njia ya kati. Morocco, katika mpango wa Tayssir ulioanza 2008, familia ziliambiwa kwamba fedha ni za kusaidia elimu, basi. Uandikishaji ukafanywa shuleni, fedha zikapewa jina la elimu, bila kumkata mtu. Mahudhurio yalipanda sana, na palipoongezwa sharti hasa, hapakuwa na faida ya ziada. Kwa hiyo sehemu ya nguvu tunayoipa adhabu huenda ni nguvu ya ujumbe.

Brazil nayo, kwenye mpango wake wa malipo kwa kaya maskini, Bolsa Família, ulioanzishwa 2003, ina masharti, lakini hatua ya kwanza ni onyo. Kukatwa kabisa ni hatua ya mwisho, na familia inayokosa mara kwa mara inatakiwa ifuatwe na maafisa wa ustawi wa jamii. Hapo naona mahali pa kukutania: mtoto asipoonekana, awe ni sababu ya mtu kubisha hodi kwanza. Ni ghali, ndiyo. Afisa wa kubisha hodi analipwa mshahara, ilhali kumkata mama hakugharimu kitu.

Niliwahi kushika fomu moja ya ufuatiliaji. Ilikuwa na safu pana ya jina, safu ya siku alizohudhuria, safu ya kiasi kitakachokatwa. Mwisho kabisa, ukingoni, palikuwa na "sababu", nyembamba kiasi kwamba neno "mgonjwa" lingehitaji mistari miwili. Aliyeijaza alikuwa ameweka vistari, juu hadi chini.