Ndizi kwenye droo, mjumbe mlangoni

Waandishi wakubwa walikuwa na vituko jamani. Hemingway, yule Mmarekani aliyekuja huku kwetu kuwinda mwaka 1933 akaondoka na mlima wetu Kilimanjaro kwenye hadithi yake, alikuwa anaandika amesimama, taipureta iko juu ya kabati la vitabu. Truman Capote kinyume chake, bila kulala haandiki, awe kitandani au kwenye kochi, kahawa na sigara pembeni. Maya Angelou alikuwa anakodi chumba cha hoteli mjini kwake, anaingia asubuhi na biblia, kamusi na karata, na picha za ukutani anataka zitolewe zote.

Mi nilikuwa na hadithi ya kupeleka kwenye shindano, dedilaini inakuja mbio na kurasa zimegoma, basi nikaanza kujaribu mmoja mmoja. Kusimama: laptopu juu ya friji, friji linanguruma hadi herufi zinatetemeka, miguu ikauma nikaachana nayo. Kulala: nililala kweli, tena usingizi mzito. Hoteli sina hela, na gesti za huku Moshi ukiingia peke yako mchana kweupe na daftari mhudumu anakuuliza mwenzio anafika saa ngapi. (Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwenye toilet pepa akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978, ila yule hakuwa na mbwembwe, alikuwa hana karatasi, kwa hiyo simuweki kwenye kundi hili.)

Aliyeniponza ni Schiller.

Schiller ni mshairi wa Kijerumani, amefariki 1805. Rafiki yake Goethe alienda kumtembelea, hakumkuta, akakaa mezani kwake kumsubiri, mara kichwa kinamzunguka. Kunusa nusa, kufungua droo, kumbe imejaa matufaa yaliyooza! Mke wa Schiller akamwambia ni kawaida, mume wangu bila hiyo harufu hawezi kuishi wala kufanya kazi. Nikasema hii sasa ndo yangu, haina kusimama wala kulipia chumba.

Matufaa kwa Moshi ni anasa lakini. Bei ya matatu tu nanunua chana zima la kisukari pale Mbuyuni na chenji ya soda inabaki. Nikabeba ndizi, zile zilizoiva mpaka zina madoa, nikazipanga kwenye droo, nikafunga. Na joto la Moshi la Januari mnalijua lenyewe. Mwanzo harufu ilikuwa tamu nzuri tu, afu ikaanza kuwa kali, inapanda puani, maana sukari ya ndizi ikishakutana na chachu inaanza kugeuka kileo, mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo inaanzia hapo hapo. Vile vinzi vidogo vya matunda sijui hata vilipitia wapi. Ila nikawa naandika, sitanii, kurasa zinashuka zenyewe, shida ikawa moja tu, wahusika wangu wote walianza kulewa mpaka padri.

Mbele ya dedilaini nikaona niongeze na ya Victor Hugo kabisa. Yule Mfaransa mwaka 1830 mchapishaji alimkaba koo, kitabu cha siku nyingi hakijaandikwa, akanunua chupa ya wino na shali kubwa la kijivu la kumfunika mwili mzima, nguo za kutokea akazifungia ili asishawishike kwenda mtaani. Januari 1831 kazi imekwisha. Basi nguo zangu zote nikazitia kwenye begi nikampa jirani yangu wa boda nikamwambia fungia kwako, usinipe hata nikikulilia, mpaka hadithi iishe. Akacheka, akafunga, funguo mfukoni, akawasha pikipiki. Mi nikabaki na shuka jekundu la Kimasai na boksa tu, tena ile boksa lastiki yake ilishastaafu.

"Hodi humu!"

Sauti ya mama mwenye nyumba. Nikachungulia dirishani, nyuma yake mjumbe wetu, mzee wa Kibosho, kofia mkononi, yani wamekuja kikazi. Nikampigia boda fasta. "Niko Himo mkuu, na abiria, tunaenda Holili." Nikakata, nikajifunga shuka, nikafungua mlango.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, unapika nini humu ndani?"

"Sipiki mama, naandika."

"Unaandika harufu?"

Akaingia, mzee nyuma yake, na macho ya yule mama yakaanza kazi. Juu ya kabati kuna mfuko wa unga wa ulezi, mi nanywa uji asubuhi, kosa liko wapi? Kwenye msumari kuna mpira wa gesi wa zamani nimeutundika. "Mzee unaona? Ndizi nazisikia, ulezi ule pale, na mpira wa kuchujia gongo huu hapa! Nyumba yangu itaingia polisi!"

Mzee akanusa taratibu, macho amefumba, kwa kweli alinusa kwa heshima. "Mama, hii si gongo. Na kama ni mbege kijana hajafundishwa. Ndizi huwa zinachemshwa kwanza. Na msesewe wake, lile gome la kutia uchungu, uko wapi?" Akanigeukia mimi, "Msesewe uko wapi?"

"Mzee, hii si pombe, ni ya kuandikia. Kuna Mjerumani mmoja..."

"Mjerumani gani?"

"Schiller. Alishafariki, 1805."

"Sasa amekwambiaje?"

Nikaeleza yote, matufaa, droo, mpaka Goethe. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wajerumani walimnyonga chifu wetu Mangi Meli hapo juu Old Moshi, mwaka 1900. Leo na ndizi zetu wanakufundisha kuziozesha?" Hapo sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nikabaki namuonea wivu Schiller, mwenzangu alikuwa na mke wa kumtetea kwa wageni, mi nina mama wa nyumba aliyeshika mpira wa gesi kama kielelezo cha mahakamani.

"Fungua hiyo droo," mama akasema.

Sasa droo ilikuwa imeganda, ule utomvu wa ndizi umekauka pembeni kote. Nikavuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika shuka. Haiji. Nikaweka mguu kwenye meza, haiji.

"Tumia mikono miwili, kijana mzima wewe!" mzee akanihimiza.

"Mzee siwezi."

"Kwa nini?"

"Funguo za nguo zangu ziko Himo."

Walitazamana. Mama akaona namchelewesha makusudi, akaja akashika droo mwenyewe, akaniamrisha nivute naye moja, mbili, tatu, na mi kwa kuogopa kufukuzwa nikavuta kwa yote niliyonayo. Ikafunguka. Ikafunguka mpaka ikatoka kabisa, sisi wawili chini, ndizi nyeusi zinatiririka kwenye khanga ya mama, vinzi vimepanda hewani wingu zima, na shuka liko kule mlangoni ambako wapangaji wote wa uani walikuwa wameshafika kuangalia mtambo wa gongo. Lastiki ya boksa nayo, tusiongee.

"Ruwa wangu!" mama akafunika uso kwa khanga, akakumbuka khanga ina nini, akafunua tena.

Mzee ndo aliokota shuka akanitupia. Afu akainama, akachovya kidole kwenye droo, akaonja, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Imebaki kidogo tu."

Nilisafisha chumba na khanga mpaka usiku. Hadithi niliituma, padri nimemwacha amelewa hivyo hivyo. Na ile karatasi ya sheria za nyumba iliyobandikwa getini, chini ya kulipa maji na kutofuga kuku, mama ameongeza kwa peni nyekundu: HAIRUHUSIWI KUPIKA POMBE WALA KUANDIKA VITABU. Mwalimu wa chumba cha pili kaenda kuuliza kama kusahihisha madaftari kunahesabika.