Shoneni pia skani iliyotoka safi

Kuna ile picha ya bongo mbili mnaijua, imezunguka kwa simu za watu miaka na miaka, upande mmoja ubongo umejaa njano na nyekundu umeandikwa mzima, upande wa pili umekaa samawati umeandikwa una depresheni. Siku hizi naiona mpaka kwa vitambaa hapa Nairobi, imedariziwa kwa mito ya kochi, kwa mabegi, kwa migongo ya jaketi za jinzi. Na nafurahi kweli kuona watu wanashika sindano kuongelea mambo ya akili, manake haya yalikuwa ya kunong'onezwa jikoni mtoto akifukuzwa akacheze nje. Lakini hiyo picha naomba tuiache. Msanii wa nyuzi anayetaka kuongelea ugonjwa wa akili kupitia skani aanze na ile iliyotoka safi, ile daktari ameandika hakuna kasoro, juu hiyo ndiyo iko kwa bahasha ya khaki juu ya kabati kwa nyumba nyingi tu.

Picha yenyewe ni ya mashine ya PET. Mgonjwa anadungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo, sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi zinavuta sukari nyingi zaidi, na mashine inahesabu hiyo mionzi inatoka wapi. Inahesabu, basi. Rangi zinakuja baadaye kwa kompyuta, mtu ameamua namba kubwa iwe njano na namba ndogo iwe samawati, na angetaka angezigeuza. Watafiti wakisema ubongo wenye depresheni una tofauti wanaongelea wastani wa watu wengi waliowekwa pamoja, hawasemi ukileta kichwa cha mtu mmoja wataisoma depresheni yake hapo kama bei kwa risiti. Ndiyo maana daktari wa akili hatambui depresheni kwa skani. Anakaa na wewe anauliza usingizi ukoje, chakula kinapita, unafikiria kufa, imeendelea kwa muda gani, wiki mbili, zaidi?

MRI ya kawaida hata rangi haina, ni nyeusi, nyeupe na kijivu katikati. Ni sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio, inasikiliza haidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili. Ile yenye madoa ya rangi ni fMRI, na yenyewe haioni mawazo, inafuata mabadiliko ya oksijeni kwenye damu halafu hesabu inaamua doa liwekwe wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Craig Bennett na wenzake, waliweka samaki aina ya samoni kwa hiyo mashine, samaki amekufa kabisa, wakamwonyesha picha za watu na wakamuuliza hao watu wanahisi nini. Walipofanya hesabu bila marekebisho yanayotakiwa, ubongo wa samaki ukaonyesha madoa. Walitaka wenzao waone jinsi hesabu ikilegezwa inazaa rangi mahali hakuna kitu. Mashine haina shida, inafanya kazi nzuri na inaokoa watu. Lakini ukichukua yale madoa ukayashona kwa uzi wa hariri ukaandika chini hii ndiyo huzuni, umesema jambo ambalo mwenye mashine mwenyewe hawezi kusimama nalo.

Sasa kwa nini nalishikilia hivi. Mdogo wangu, na ameniruhusu niandike, alikaa muda mrefu hawezi kutoka kitandani, hali chakula, hapokei simu, anasema kichwa kizito. Tukachanga pesa kwa familia akaenda MRI, daktari alikuwa anataka kuhakikisha hakuna uvimbe wala damu iliyovuja, na hiyo ndiyo kazi halali ya skani kwa hali kama hiyo. Ikatoka safi. Tungefurahi, si ndio? Lakini nyumbani ile karatasi iligeuka kuwa hukumu. Anko mmoja akasema, "Si umeona daktari amesema huna kitu, basi amka utafute kazi." Mama akashukuru Mungu, akafunga mjadala. Kuanzia hapo kila akilala mchana ilikuwa ni uvivu uliothibitishwa na mashine ya maelfu ya shilingi. Dawa na maongezi na daktari wa akili vilikuja baadaye sana, vikamsaidia, lakini hiyo miezi ya katikati karatasi safi ilimuumiza kuliko kama hangeenda kabisa.

Kwa hivyo ninachoshona mimi ni hiyo. Kitambaa cheusi cha pamba, na vipande vya ubongo wake vilivyokatwa kwa picha kutoka utosini kushuka mpaka usawa wa macho, kila kipande kwa neti nyembamba ili vikipangwa kimoja mbele ya kingine uone kina. Nyuzi zote kijivu. Ukienda maduka ya Biashara Street utapata nyekundu ya kila aina, dhahabu, waridi, kijani cha harusi, lakini ukiuliza kijivu kumi tofauti muuzaji anakuangalia tu, kwa hivyo nyingi nafumua kutoka sweta za mitumba za Gikomba, sweta za shule zile kuukuu zilizopauka hazifanani hata mbili. Mikunjo ya ubongo nafuata kwa mshono wa kurudi nyuma, polepole, na zile nafasi za katikati zenye maji, zinatokea kama mabawa ya kipepeo, naacha kitambaa kitupu. Hakuna doa lolote la rangi. Watu wakiona wanauliza ugonjwa uko wapi. Hilo swali ndilo nataka waulize, manake ndilo tulilouliza sisi, na mgonjwa amekaa hapo hapo mbele yetu.

Sijaanza mimi kushona ubongo na natoa heshima kwa waliotangulia. Marekani kuna Marjorie Taylor, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon, ametengeneza mablanketi ya vipande kutokana na picha za skani, na Karen Norberg ambaye ni daktari wa akili alifuma ubongo mzima kwa uzi, mikunjo mahali pake, kazi ya karibu mwaka. Naipenda sana ile kazi ya Norberg, kwa sababu haijidai kuonyesha ugonjwa. Inakuonyesha kiungo, inakufanya ukipende.

Halafu kuna wale walioshona kutoka ndani. Agnes Richter alikuwa fundi wa nguo, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Ujerumani, na miaka ya 1890 akajishonea jaketi kwa kitambaa cha hospitali akaijaza maandishi ya uzi nje na ndani, mengine mpaka leo hayasomeki. Iko Heidelberg. Arthur Bispo do Rosário wa Brazil alikaa hospitali Rio de Janeiro miaka mingi, akafumua sare za wagonjwa kupata uzi wa samawati akadarizi nao. Hakuna aliyepiga skani kichwa cha hawa wawili, na mtu akiniuliza niangalie nini kuelewa mateso ya akili nitamwelekeza kwa hilo jaketi kabla ya picha yoyote ya rangi. Skani ni kutoka nje. Mshono unatoka kwa mkono wa mwenye kuumwa.

Kama unataka rangi lazima, basi kuna aina moja ya picha naiunga mkono kwa moyo wote. Inaitwa DTI, ilitoka miaka ya 1990, inafuata mwendo wa maji ndani ya ubongo, kwa sababu maji yanateleza kirahisi kwa urefu wa nyuzi za neva kuliko kukatisha. Pale rangi zina maana iliyokubaliwa: nyekundu ni nyuzi zinazoenda kulia na kushoto, kijani mbele na nyuma, samawati juu na chini. Yaani mwelekeo! Mtu yeyote aliyekaa na cucu au susu, yaani bibi yake, akisuka kiondo anaelewa hiyo lugha bila kwenda shule, uzi unaosimama na uzi unaozunguka, ukibadilisha rangi lazima ujue unaelekea wapi. Nimeona kina mama wa kufuma vitambaa vya makochi kwa kikundi cha mtaani kwetu wakishika hiyo picha na kuanza kubishana mara moja ile bando nyekundu ya katikati inayounganisha pande mbili ipitishwe juu au chini ya samawati. Hawakuniuliza kama ni sayansi. Waliuliza hesabu ya nyuzi. Hata hapo lakini, hiyo mistari imekokotolewa na kompyuta, na haitakuambia nani ana bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na nani hana, kwa hivyo isishonwe kama ushahidi.

Jambo lingine hatuliongelei na linanisumbua. Skani ni ya mgonjwa. Filamu ina jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali hapo pembeni, na nimewahi kuona mtu ameichapisha kwa kitambaa na hayo yote yakisomeka. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwa zile nyeti kabisa. Na picha kamili ya kichwa ya MRI inaweza kutumika kuunda sura ya mtu upya, kwa hivyo kufuta jina peke yake haitoshi ukiwa na faili nzima. Omba ruhusa, eleza kazi itaenda wapi, na mtu akibadilisha nia katikati iondoe, hata kama umeshona nusu.

Na wapi iende? Galari ni nzuri, siwezi kukataa. Ila mimi natamani hivi vitu viwe kwa mabenchi ya kusubiri, kliniki, makanisani, kwa zile sebule ambazo vitambaa vya kochi ndivyo vinavyoangaliwa na kila mgeni. Hospitali ya Mathari, ile ya wagonjwa wa akili hapa Nairobi, iko tangu 1910 na bado jina lake watoto wanatukanana nalo shuleni. Mwaka 2020 jopo la serikali likiongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Anko wangu ripoti ya jopo hataisoma. Lakini ameshika hiki kitambaa changu, amegeuza neti moja moja, ameuliza kwa nini hakuna alama, na tumeongea saa nzima, yeye na mimi na mdogo wangu.

Sisemi kushona kunatibu. Kunatuliza mikono, kunaleta watu mezani, na anayemeza dawa aendelee kumeza.

Ombi langu kwa yeyote anayeandaa maonyesho ya aina hii mjini ni moja tu, ile lebo ndogo ya pembeni. Badala ya kuandika "Huzuni, uzi kwa pamba", andika ni mashine gani, rangi zimechaguliwa na nani, mwenye ubongo amekubali au la, na daktari alisema nini kwa ile karatasi. Yangu inasema MRI, kijivu zote kutoka sweta za mitumba, kwa ruhusa ya mwenyewe, majibu hakuna kasoro, mgonjwa anaendelea na matibabu.