Picha za mitandaoni na thamani ya Ziwa Victoria: zinapima nini, zinaacha nini?

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, watafiti wamekuwa wakitumia picha ambazo watu huziweka wenyewe mitandaoni ili kujua maziwa yapi hupendwa na kwa nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha picha za Flickr, mtandao wa kuweka picha, na takwimu za wageni katika vivutio 836 duniani, ukabaini kuwa penye picha nyingi ndipo kwa kawaida penye wageni wengi. Mwaka 2015 njia hiyo ilitumika kwa maziwa ya Minnesota na Iowa, Marekani, na ikaonekana kwamba watu hukubali kusafiri mbali zaidi kufuata maji maangavu.

Kwa Mwanza, faida yake ni ya kweli. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane mgeni hulipa kiingilio na kuhesabiwa, lakini wanaokwenda kupunga upepo Capri Point au kupiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck hawapiti kwenye geti lolote. Picha zao zina tarehe, mara nyingi zina mahali, na anayetetea eneo la wazi la ufukweni lisijengwe anaweza kuzitumia kama ushahidi.

Tatizo linaanza pale picha zinapochukuliwa kuwa kipimo cha thamani yote ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na anayevuta wavu hana mkono wa kushika simu. Wafanyabiashara wa dagaa nao hupiga picha, tena za karibu sana, ili mnunuzi wa mbali aone kwamba mzigo unang'aa, umeanikwa kwenye kichanja na hauna mchanga. Ila picha hizo hupita WhatsApp, kati ya muuzaji na mteja wake, na ni haki yao zibaki huko. Matokeo yake, kwenye ramani ya mtafiti Capri Point itajaa alama huku soko la samaki na dagaa la Mwaloni, Kirumba, likionekana karibu tupu. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kila mjadala wa nani abaki ufukweni hutafuta takwimu za kuegemea.

Isitoshe, picha haisemi aliyeipiga aliwaza nini. Mgeni hupiga magugumaji kwa kuvutiwa na ukijani wake. Mvuvi huyapiga kwa sababu yamemzibia njia ya mtumbwi. Programu ya kompyuta huzihesabu zote mbili sawasawa.

Kwa maoni yangu, picha zitumike kupima mapumziko na utalii peke yake, kisha ziwekwe kando ya kumbukumbu za samaki wanaopokelewa kwenye mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki. Wachuuzi na wavuvi nao waulizwe ana kwa ana, kabla ramani hiyo haijaingizwa kwenye mpango wowote wa ufukwe.