Mwanahistoria wa majengo kwenye mradi wa barabara: mlinzi au mwandishi wa tanzia?

Nchini Marekani, mradi wa barabara, reli au daraja unaotegemea fedha au kibali cha serikali kuu hauanzi kuchimba kabla athari zake kwa majengo ya kihistoria hazijaangaliwa. Ndivyo inavyotaka sheria ya uhifadhi ya mwaka 1966, kifungu cha 106. Kazi hiyo huangukia kwa mwanahistoria wa usanifu majengo, na mara nyingi mshahara wake unatoka kwa mshauri elekezi anayelipwa na mradi wenyewe. Wapo wanaomwona mlinzi wa urithi aliyefanikiwa kuingia hadi jikoni. Wengine wanasema kazi yake ni kuandika tanzia ya mgonjwa ambaye bado anapumua.

Wanaolaumu wana hoja nzito. Kifungu cha 106 hakikatazi kubomoa. Kinaitaka taasisi ya serikali itambue kilichopo, ipime athari na ishauriane na wahusika. Ikishafanya hivyo inaweza kuendelea. Ndiyo maana mambo mengi huishia kwenye makubaliano ya maandishi: jengo lipigwe picha za kudumu, lichorwe, liandikiwe historia, kisha tingatinga liingie. Kumbukumbu za namna hiyo, chini ya mpango ulioanza 1933, zimetunzwa katika Maktaba ya Bunge, na ni hazina kweli. Lakini aliyezaliwa katika nyumba ile hawezi kurudi kulala ndani ya picha.

Kinachoniuma zaidi ni kipimo chenyewe. Ukaguzi wa awali kwa kawaida hufanyika kutoka barabarani, bila kuingia kwenye ua wa mtu. Mtafiti anasimama mbele ya nyumba ya mbao ya miaka ya 1920. Madirisha ni mapya, ukuta umevikwa mabati ya alumini, baraza imezibwa ikawa chumba. Vigezo vya uasilia ni saba: mahali, muundo, mandhari, vifaa, ufundi, hisia na uhusiano na historia. Muundo umebadilika, vifaa vimebadilika. Anaandika "haistahili", yaani haifai kuingia kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na kusogea nyumba inayofuata. Kumbe mabadiliko yale ndiyo historia ya nyumba: familia iliongezeka, mbao ziliingia maji, pesa haikutosha kununua mbao za aina ile ile. Mwenye nacho hukarabati, asiye nacho huziba. Kipimo kinachoonekana kuwatendea wote sawa huishia kuwapendelea wenye nacho.

New Orleans inaonyesha upendeleo huo kwa macho. Barabara ya juu iliyokusudiwa kupita ukingoni mwa mto, mbele ya mtaa wa French Quarter, ilifutwa 1969 baada ya mapambano marefu ya wapenda urithi. Wakati huo Claiborne Avenue, moyo wa biashara na sherehe za Wamarekani Weusi wa mtaa wa Tremé, ilikuwa imekwisha kupoteza mialoni yake, iliyokatwa 1966 ili barabara ya I-10 ipite juu ya nguzo za zege. Mwaka ule ule ndipo sheria ilipopitishwa, kwa hiyo ilichelewa. Lakini hata ingewahi, sina hakika kama fomu zake zingeiona miti, na watu waliokusanyika chini yake, kuwa kitu cha kuhesabiwa.

Upande wa wahandisi nao usidharauliwe. Silver Bridge, daraja la 1928 juu ya mto Ohio, lilianguka tarehe 15 Desemba 1967 likaua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kiungo kimoja cha mnyororo uliolibeba, na kilichobaki hakikuweza kuupokea mzigo. Daraja pacha lake la St. Marys lilifungwa, kisha likabomolewa 1971. Lilikuwa daraja la aina adimu, lakini kwa uadimu huo huwezi kumwambia mtu avushe watoto wake juu yake. Mwanahistoria asiyeweza kusoma ripoti ya ukaguzi wa chuma analiharibia neno "urithi" heshima yake.

Hata hivyo naamini ni heri awemo ndani, mradi aingie mapema. Wakati wa upembuzi yakinifu, njia tatu zikiwa bado mistari kwenye ramani, neno lake linaweza kusogeza mstari kwa gharama ndogo sana. Usanifu wa kina ukikamilika na ardhi ikishalipiwa, kinachobaki ni kamera. Kwa miradi ya uchukuzi kipo pia kifungu cha 4(f) cha sheria nyingine, ya 1966 vilevile, kinachozuia kutumia eneo la kihistoria au bustani ya umma ikiwa ipo njia mbadala inayofaa na ya busara. Kifungu hicho ndicho kilichofika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo 1971 katika kesi ya bustani ya Overton Park, mjini Memphis, na barabara ya I-40 haikupita katika bustani ile. Kwa hiyo neno "inastahili" kwenye fomu lina meno. Ndiyo sababu shinikizo humwangukia anayeliandika, na wala halihitaji rushwa. Ratiba ya mradi inatosha.

Ningetaka siku mbili ziongezwe kwenye ratiba hiyo. Mtafiti avuke uzio, abishe hodi kwenye nyumba ile ya mabati ya alumini, aulize ni nani aliyeiziba baraza, mwaka gani, na kwa ajili ya mtoto yupi. Halafu ndipo ajaze fomu.