Nadra kwa nani?

"Nadra sana." Neno hilo nimeambiwa mara tatu ndani ya wiki moja, kuhusu bakteria aliyeingia kwenye damu ya binamu yangu, na kila mara lilisemwa kana kwamba mazungumzo yameisha.

Binamu yangu alitolewa bandama miaka kadhaa iliyopita, baada ya ajali. Kovu analo. Aliyemketisha na kumwambia kwamba kuanzia siku ile homa kwake ni dharura, huyo hakuwepo. Basi alipopandisha joto na kutetemeka akapewa vidonge vya maumivu, akarudi kulala. Siku ya pili tulimbeba. Damu ikaoteshwa maabara kuona kama ina bakteria, tukangoja siku kadhaa (mdudu huyu haotagi haraka), hatimaye maabara wakatoa jina: Bordetella holmesii. Ndugu wa kifaduro, ndani ya damu ya mtu ambaye hakuwa amekohoa hata mara moja!

Nikaanza kusoma usiku. Kifaduro chenyewe hung'ang'ania njia ya hewa na ni mara chache mno kuingia kwenye damu. Huyu nduguye, aliyepewa jina mwaka 1995, huweza kupita hadi kwenye damu. Na wanaougua ni akina nani? Aghalabu ni watu wasio na bandama, au wenye selimundu ambao bandama lao lilishakufa pole pole bila kisu cha mtu yeyote. Bandama ndilo chujio la bakteria kwenye damu. Ukiliondoa, "nadra" inabadilika maana.

Kwa hiyo mnaposema nadra, mnahesabu kina nani? Ukiwajumlisha watu wote duniani, ni adimu kama wali wa daku. Ukiwahesabu wasio na bandama peke yao, hesabu ni nyingine kabisa, na hao ndio hawaambiwi kitu.

Haya, nakubali: wengi waliopata holmesii kwenye damu hupona wakipewa antibiotiki inayofaa. Nakubali pia, shingo upande, kwamba kwa mtu asiye na bandama maambukizi ya pneumokoka, yule bakteria wa nimonia, ni hatari zaidi. Vizuri! Chanjo yake ipo. Binamu yangu hakuwahi kutajiwa hata hiyo.

Na msinielekeze kwenye chanjo ya kifaduro. Haijengi kinga ya maana dhidi ya huyu. Hata kipimo cha vinasaba cha kifaduro, kikitegemea kipande ambacho ndugu hawa wawili wanacho, humwita holmesii kifaduro. Halafu dawa za jamii ya erithromaisini, tegemeo la kifaduro, huenda zisifue dafu kwake.

Nimemwandikia binamu kikaratasi cha kukaa nyuma ya kitambulisho: SINA BANDAMA. NIKIPATA HOMA, NIPELEKE HOSPITALI LEO HII. Amecheka, akauliza kwa nini nisimtundikie tu kibao shingoni. Lakini amekiweka.