Apdeti inasingiziwa

Kila mwezi, Microsoft ikishatoa masasisho yake ya Jumanne ya pili, mafundi wa seva huanza kupigiwa simu: mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, na diski yake ni faili tu) haiwaki, apdeti imeua diski. Mimi sikubali upesi hivyo. Diski nyingi zinazodaiwa kuuawa na apdeti ama ni nzima kabisa, ama zilikuwa hatarini kabla apdeti haijafika.

Mfano wa zilizo nzima ni zile za Februari 2023. Sasisho KB5022842 la Windows Server 2022 lilitoka tarehe 14, na mashine pepe zilizokuwa juu ya VMware ESXi 6.7 na 7.0 (mfumo wa kuendesha mashine pepe) huku Secure Boot, ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka, imewashwa zikagoma kuwaka. Kuliondoa sasisho hakukusaidia. Lakini data ilikuwa palepale: ukizima Secure Boot mashine inawaka, na baadaye ESXi 7.0 U3k ikamaliza tatizo. Aliyekimbilia kusakinisha upya alifuta data isiyo na kasoro kwa mikono yake.

Kundi la pili ndilo linaloniudhi. Siku ya apdeti mfumo mgeni, yaani ule ulio ndani ya mashine pepe, huandika kwa fujo: maelfu ya mafaili, keneli (kiini cha mfumo) mpya, kisha ujizime na kuwaka tena. Katikati ya kazi hiyo huagiza kwamba kilichoandikwa kishushwe kwenye diski sasa hivi, kisibaki kwenye RAM. Kitabu cha maelekezo cha VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, chenyewe kinaeleza kwamba maagizo hayo, kwa diski zilizounganishwa kwa njia ya IDE na SATA, kwa kawaida hupuuzwa ili kuongeza kasi. QEMU, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina chaguo la cache=unsafe, yaani "si salama", na jina linajieleza. Mgeni anajibiwa "tayari" ilhali data bado iko kwenye RAM ya kompyuta mwenyeji, ile halisi. Sasa umeme ukatike kwenye ofisi ambayo "seva" ni kompyuta ya mezani iliyosukumwa chini ya meza ya mhasibu, na betri ya UPS ilishakufa zamani. Ext4 ya Linux na NTFS ya Windows, mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, hutunza kumbukumbu ya mabadiliko ili zijirekebishe, ila kumbukumbu hiyo inafaa tu ikiwa mambo yaliandikwa kwa mpangilio wake. Hapo anayetukanwa ni apdeti!

Kuna pia ile diski inayokua kadiri inavyotumika. Mgeni anaona GB 100, kumbe mwenyeji amebakiwa na GB 5. Apdeti inaanza kupakuliwa, nafasi inaisha, VirtualBox inaisimamisha mashine na kuandika DrvVD_DISKFULL. Haijafa. Inasubiri ufute takataka kwa mwenyeji kisha uiruhusu iendelee. Ujumbe huo hausomwi, mtu anaizima kwa nguvu apdeti ikiwa nusu. Wengine hutafuta nafasi kwa kufuta faili la snapshoti (hali ya diski iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia) moja kwa moja kwenye folda, na mnyororo mzima unakatika, kwa sababu kila snapshoti inaegemea iliyo chini yake. Ndiyo maana sikubali snapshoti iitwe bakapu.

Zipo apdeti zenye hatia, sikatai. Desemba 2023 keneli 6.1.64 ya Debian, mfumo wa familia ya Linux, ilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu data kwenye ext4, hadi toleo la 12.3 likaahirishwa na 12.4 likatoka tarehe 10 likiwa na marekebisho. Kwa kasoro ya namna hiyo, kinga ni bakapu iliyoko nje ya mashine, basi.

Mashine ikigoma, izime, nakili faili la diski kwenye diski nyingine, na kila jaribio lifanyike kwenye nakala. Nakala hiyo iunganishe kama diski ya pili ya mashine pepe nyingine isiyo na tatizo, uisome bila kuiandika. Ikiwa ni qcow2, aina ya faili la diski la QEMU, endesha qemu-img check bila -r (ya kurekebisha) kwanza. Kwa ext4, amri ya ukaguzi fsck -n itakuonyesha ukubwa wa tatizo bila kugusa kitu. fsck -y, inayokubali kila rekebisho, isubiri mpaka mafaili unayoyahitaji uwe umeshayatoa.